Doria ya Magurudumu Mawili: Baiskeli katika Kazi ya Polisi

Tarehe 28 Januari 1896, katika kijiji cha Paddock Wood, jimbo la Kent nchini Uingereza, polisi mmoja alikuwa nyumbani kwake akila chakula alipoona gari likipita barabarani bila farasi. Ilikuwa motokari, na aliyeiendesha alikuwa Walter Arnold, mmoja wa watu wa kwanza kuunda na kuuza magari hayo nchini mwake. Sheria ya wakati ule haikuruhusu chombo cha namna hiyo kupita maili 2 kwa saa (kama kilomita 3) ndani ya kijiji, tena kilipaswa kutanguliwa na mtu mwenye kutembea kwa miguu. Arnold alikuwa akienda maili 8 kwa saa, na mbele yake hapakuwa na mtu. Polisi akavaa kofia yake, akapanda baiskeli, akamfuata mwendo wa maili 5, yaani kilomita 8 hivi, hata akamkamata. Siku chache baadaye mahakama ilimtoza Arnold faini ya shilingi moja kwa kosa la mwendo, pamoja na gharama. Wengi humhesabu kuwa dereva wa kwanza duniani kuadhibiwa kwa kwenda mbio. Aliyemkamata hakuwa na farasi wala injini. Alikuwa na miguu yake, mnyororo na magurudumu mawili.

Kisa hiki husimuliwa kama kichekesho, na kweli kinachekesha. Hata hivyo chaonyesha jambo ambalo wasomaji wa leo hulisahau upesi: mwishoni mwa karne ya 19 baiskeli ilikuwa miongoni mwa vyombo vyepesi kabisa ambavyo mtumishi wa serikali angeweza kuvitumia barabarani. Iliingia katika kazi ya polisi kwa ajili ya mbio. Miaka tisini baadaye iliingia tena kwa sababu iliyo karibu kuwa kinyume cha ile ya kwanza. Historia ya baiskeli ya doria ina kuzaliwa mara mbili, na katikati pana kutoweka kwa muda mrefu. Tena kutoweka huko ndiko kunakofundisha zaidi.

Inafaa kuanza na maneno yenyewe. Doria ni neno lililotoka katika Kiarabu, na mzizi wake una maana ya kuzunguka: mlinzi huzunguka eneo lake na kurudi pale alipoanzia. Neno la Kifaransa patrouille, ambalo Wakongo wengi wamelisikia kabla ya kulijua lile la Kiswahili, lina ukoo wa unyonge zaidi, kwani lilizaliwa na kitenzi chenye maana ya kukanyagakanyaga matope. Maneno haya mawili, yaliyotoka pande zisizojuana, yanakutana katika mguu wa binadamu. Na ndivyo kazi ilivyokuwa. Polisi ya London iliyoundwa mwaka 1829 ilimpa kila polisi njia yake ya kuzunguka kwa miguu, usiku na mchana, kwa mwendo wa polepole uliopangwa. Mkubwa wake aliweza kukadiria saa fulani mtu wake yuko kona gani. Mwizi naye, bila shaka, aliweza kukadiria vivyo hivyo.

Baiskeli ilivunja hesabu hiyo. Mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry alitoa baiskeli aliyoiita Rover, yenye magurudumu yaliyokaribia kulingana na mnyororo wa kuvuta gurudumu la nyuma. Umbo lake ndilo la baiskeli zinazopita leo katika barabara za Bukavu na Kalemie. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, akapata hati ya uvumbuzi wa tairi la kujazwa hewa. Vitu hivyo viwili vilipoungana, chombo kilichokuwa mchezo wa vijana wasioogopa kuanguka kikawa chombo cha watu wote wenye fedha kidogo. Kufikia katikati ya miaka ya 1890, Ulaya na Marekani zilikuwa zimeshikwa na wazimu wa baiskeli.

Huko New York wazimu huo ulizaa tatizo la usalama. Waendeshaji wa mbio waliinama juu ya usukani na kupita katikati ya watu na farasi bila kujali, wakapewa jina lenye maana ya wachomaji, kana kwamba waliiunguza njia. Polisi wa miguu hakuweza kuwafikia, na farasi wa polisi alichoka kabla yao. Mwaka 1895 Theodore Roosevelt, ambaye baadaye alikuwa rais wa Marekani, alikuwa ameshika uongozi wa halmashauri ya polisi ya mji huo. Mwezi wa Desemba mwaka huo kikosi cha baiskeli kikaanzishwa kwa watu wachache, na baada ya miaka michache kikafikia kama watu 100. Kazi yao ya kwanza ilikuwa kuwakamata waliovuka mwendo wa maili 8 kwa saa, yaani kilomita 13 hivi.

Lakini kazi iliyowapatia sifa ilikuwa nyingine. Miji ya wakati ule ilijaa farasi, na farasi akishtuka hukimbia na gari lake hata aue mtu. Polisi wa baiskeli alimfuata farasi huyo, akaenda naye sambamba, akamshika hatamu huku wote wawili wako katika mbio. Katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1913, Roosevelt aliwasifu vijana hao kwa ujasiri wa kuzuia farasi waliotoroka na kurukia magari ya wakorofi waliokuwa wakipigana ili wasikamatwe. Sifa za mkubwa kwa watu wake zapaswa kupunguzwa kidogo, lakini habari yenyewe ni ya kusadikika: mtu aliye juu ya baiskeli yuko kimo cha kufaa kumshika farasi, na mkono wake mmoja u huru.

Tarehe 20 Mei 1899 kikosi hicho kilimkamata Jacob German, dereva wa teksi ya umeme, aliyekuwa akienda maili 12 kwa saa katika barabara ya Lexington. Akawekwa rumande. Katika nchi mbili, basi, mwenye motokari wa kwanza kusifika kwa kukamatwa kwa mbio alishindwa na mtu wa baiskeli. Ushindi huo haukudumu. Miaka michache tu ilitosha kwa injini kumwacha polisi nyuma, naye akalazimika kuifuata kwa injini vilevile.

Kabla ya kufuata habari hiyo, yapasa kusimama kidogo juu ya matairi. Hewa iliyombeba polisi wa New York na wa Kent ilifungwa ndani ya mpira, na mpira wa miaka ile haukupandwa bado katika mashamba ya kutosha, uligemwa msituni. Brazili ndiyo iliyotoa sehemu kubwa kuliko zote. Dola Huru ya Kongo, mali ya Leopold II, ilikuja nyuma yake kwa kasi ya kutisha: mwaka 1890 ilisafirisha zaidi kidogo ya tani 100, na mwaka 1901 karibu tani 6000. Waliohakikisha kwamba vijiji vinaleta mizigo hiyo walikuwa walinzi wa makampuni pamoja na Force Publique, ambayo ilikuwa jeshi na polisi kwa wakati mmoja. Wanawake walifungwa kama rehani hadi waume zao warudi na mpira, mikono ilikatwa, vijiji vilichomwa. Wazimu wa baiskeli ulikuwa mmoja wa wanunuzi wa kwanza wa mali hiyo, kabla motokari haijashika nafasi yake. Watu wa mji mmoja walipata polisi aliyewaokoa na farasi aliyetoroka, na watu wa mto mwingine walipata polisi wa namna nyingine, na soko lililowaunganisha lilikuwa moja. Vitabu vya historia ya baiskeli vilivyoandikwa Ulaya havikulitaja jambo hili kwa muda mrefu, au vililitaja kwa sentensi moja.

Huko Paris, mwanzoni mwa karne ya 20, mkuu wa polisi Louis Lépine aliunda kikosi cha polisi wa baiskeli ambao wananchi waliwaita hirondelles, yaani mbayuwayu. Baadhi husema jina lilitokana na joho zao zilizopeperuka kama mabawa, na wengine kwamba lilitokana na aina ya baiskeli iliyoitwa Hirondelle, iliyotengenezwa Saint-Étienne. Huenda yote mawili ni kweli, kwa maana lakabu ya watu hupenda sababu zaidi ya moja. Walizunguka wawili wawili, hasa usiku, katika mitaa ya pembezoni ambako watembea kwa miguu wa kikosi cha kawaida walichelewa kufika. Kikosi hicho kiliendelea kuonekana kwa miongo mingi.

Mtu anayeonyesha vizuri jinsi baiskeli ilivyopoteza kazi yake ni August Vollmer, aliyechaguliwa mwaka 1905 kuwa mkuu wa polisi wa mji mdogo wa Berkeley, jimbo la Kalifornia. Alikuwa amewahi kuwa mpeleka barua, na bila shaka miguu yake ilimfundisha hesabu ya umbali. Aliwapandisha polisi wake juu ya baiskeli, kisha akaweka taa nyekundu katika njia panda. Taa ikiwaka, polisi aliye karibu alipaswa kwenda kwenye simu ya kituo na kuuliza anatakiwa wapi. Mpango huo ulifaa sana. Baada ya miaka michache Vollmer huyohuyo akawahamishia watu wake kwenye pikipiki, kisha kwenye motokari. Kwake baiskeli ilikuwa daraja tu. Alichotafuta ni kwamba polisi afike upesi anapoitwa, na kwa lengo hilo kila chombo chenye kasi zaidi kilistahili kuchukua nafasi ya kile cha awali. Mwaka 1928 polisi ya Detroit ilianza kutumia redio ndani ya motokari, na mwaka 1933 ile ya Bayonne, New Jersey, ikapata redio ambayo polisi aliweza kusikia na kujibu. Tangu hapo doria ikabadilika maana. Polisi hakuzunguka tena ili aone. Alizunguka akingoja kuitwa.

Mabadiliko haya hayakutangazwa kama hasara, na wakati ule hayakuonekana hivyo. Motokari ilimkinga polisi na mvua, ilibeba silaha na mfungwa, ilivuka mji kwa dakika chache. Huko Uingereza polisi wa kijiji mwenye baiskeli alibaki kuwa sura ya kawaida hata miaka ya 1960, ndipo mpango mpya ulipowaingiza wengi ndani ya motokari ndogo zilizopakwa rangi mbili na kuitwa panda, kama yule mnyama wa Uchina. Raia walipata polisi anayefika haraka, wakampoteza yule anayejua ni nani aliyefiwa wiki iliyopita. Mtu akipita ndani ya gari lenye vioo vilivyofungwa, kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, hasikii mlango unaovunjwa, hanusi moshi, wala hasalimiwi. Kwa jamii za Kiafrika, ambamo kupita bila salamu ni tusi, jambo hili halihitaji uthibitisho wa kitaalamu.

Wamarekani, hata hivyo, waliutafuta. Kati ya Oktoba 1972 na Septemba 1973, polisi ya Kansas City ilifanya jaribio ambalo hadi leo hutajwa katika kila somo la kazi hiyo. Maeneo 15 yaligawanywa katika mafungu matatu. Katika maeneo matano doria ya kawaida ya motokari iliondolewa kabisa, na polisi waliingia pale tu walipoitwa. Katika matano mengine iliachwa kama ilivyokuwa. Katika matano ya mwisho iliongezwa mara mbili au tatu. Matokeo yalipotolewa mwaka 1974, hapakuonekana tofauti yenye uzito, si katika wingi wa uhalifu, si katika hofu ya wananchi. La kustaajabisha zaidi ni kwamba wakazi kwa jumla hawakutambua kwamba doria imebadilika. Nusu karne ya motokari, redio na mafuta ilikuwa imejenga kitu ambacho kikiondolewa hakuna anayekikosa.

Japani haikupita njia hiyo kwa ukamilifu. Tangu mwaka 1874 Tokyo ilikuwa na vituo vidogo vya mtaani viitwavyo koban, na polisi wa vituo hivyo hadi leo hutumia baiskeli kuzunguka eneo lao na kutembelea nyumba za watu. Hapo baiskeli haikuhitaji kufufuliwa, kwa sababu kazi iliyoibeba haikufa. Mfano huu waonyesha kwamba chombo hufuata mpango wa kazi. Pale polisi anapopewa mtaa mdogo na amri ya kuwajua wakazi wake, motokari humsumbua zaidi ya kumsaidia.

Kuzaliwa mara ya pili kulitokea Seattle, kaskazini-magharibi ya Marekani, mwezi wa Julai 1987. Katikati ya mji palikuwa pamechimbuliwa kwa ujenzi wa njia ya mabasi ya chini ya ardhi, na motokari za polisi zilikwama katika msongamano pamoja na za watu wengine. Polisi wawili, Paul Grady na Mike Miller, wakaruhusiwa kujaribu baiskeli za mlimani. Hizo zilikuwa bidhaa mpya: matairi mapana, fremu imara, usukani ulionyooka, na gia nyingi za kumwezesha mtu kupanda kilima bila kushuka. Baiskeli ya Starley ingevunjika gurudumu katika ngazi za Seattle. Hii ilishuka ngazi na mpanda wake akiwa amekaa.

Faida iliyogunduliwa haikuwa ile ya mwaka 1895. Wauzaji wa dawa za kulevya walikuwa wamezoea kutazama motokari nyeupe na buluu, na waliweka watoto wa kupiga mbinja ikitokea. Baiskeli haikuwa na mngurumo. Ilitokea uchochoroni bila taarifa, na mara nyingi mkosaji alikuwa bado na kidhibiti mkononi polisi alipofika umbali wa kumgusa. Juu ya hayo, bei ya motokari moja ya doria yanunua baiskeli nyingi, na injini yake hula wali, viazi na mkate. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 polisi wa baiskeli wa Marekani walikuwa tayari na chama chao na mafunzo yao: namna ya kwenda polepole mno bila kuweka mguu chini, namna ya kushuka katika mbio na kuendelea kukimbia, namna ya kuitupa baiskeli kati yako na mtu mwenye kisu. Jambo la kwanza kati ya hayo ndilo gumu kuliko yote. Kila mtoto aliyewahi kushindana na wenzake ni nani atakayechelewa kufika analijua.

Mapungufu nayo yapo, na watetezi wa baiskeli huyapitia upesi mno. Mfungwa habebwi juu ya kiti cha nyuma. Mvua, theluji na umbali humshinda mpandaji. Katika mji uliotawanyika, motokari itabaki kuitwa. Hata hivyo hoja kubwa imesimama: utafiti wa Chris Menton uliotolewa mwaka 2008, baada ya kulinganisha doria katika miji kadhaa ya Marekani, ulionyesha kwamba polisi wa baiskeli alikutana na watu zaidi ya mara mbili ya yule wa motokari. Si wote waliokuwa wakosaji. Wengi walikuwa watu wa kuuliza njia, kulalamika, au kusema neno tu.

Ni rahisi kutoka hapo na kudai kwamba baiskeli humfanya polisi kuwa rafiki wa raia, na matangazo mengi ya serikali za miji yamedai hivyo. Seattle yenyewe yatoa jibu. Mwishoni mwa Novemba 1999, wakati wa mkutano wa Shirika la Biashara Duniani, mji huo ulijaa waandamanaji, na polisi wa baiskeli walitumiwa kati yao. Katika miaka iliyofuata mbinu ikakamilishwa katika miji mingi ya Marekani: polisi husimama bega kwa bega, kila mmoja ameshika baiskeli kwa ubavu mbele yake, gurudumu likigusa gurudumu, na kwa amri moja huinyanyua na kusukuma. Ukuta huo wa chuma wafungwa na kufunguliwa kwa dakika moja.

Katika Kiswahili cha Lubumbashi baiskeli huitwa kinga. Neno hilo ni ndugu wa incinga ya Kibemba na ikinga ya Kirundi, na halina uhusiano na kinga ya Kiswahili sanifu, lenye kutokana na kitenzi kukinga. Wanafunzi hufundishwa kutochanganya maneno mawili yafananayo kwa sauti tu. Lakini mtu wa Lubumbashi na mtu wa Dar es Salaam wakitazama picha za maandamano hayo, kila mmoja aweza kuvitaja vyombo vilivyo mikononi mwa polisi kwa neno hilohilo, kila mmoja kwa maana yake, na wote wawili wawe wamesema sawa.

Baada ya kuuawa kwa George Floyd tarehe 25 Mei 2020, maandamano yalienea Marekani nzima, na picha zilionyesha polisi wakiwasukuma na kuwapiga watu kwa baiskeli. Mapema Juni kampuni iliyosambaza baiskeli za Fuji katika Amerika ya Kaskazini ilitangaza kusimamisha uuzaji wa baiskeli za polisi, ikieleza kwamba zimetumiwa kwa namna ambayo hazikukusudiwa. Si watengenezaji wote waliofuata. Mwezi wa Septemba mwaka huohuo, polisi mmoja wa Seattle alionekana katika video akipitisha magurudumu ya baiskeli yake, huku akitembea kando yake, juu ya kichwa cha mwandamanaji aliyelala barabarani. Uchunguzi ukafunguliwa, naye akasimamishwa kazi. Vikosi vya baiskeli vya mji huo viliendelea na doria.